Shajara ya Mradi: Kuwarudisha Majogoo Bandani Kutoka Mkoroshoni, Naliendele

Mei, wiki ya mwisho

Banda liko nyuma ya nyumba. Kuta zake ni za tofali hadi juu, lina madirisha mawili madogo na mlango mmoja mwembamba, na limeezekwa bati, kwa kuwa lilijengwa kwa kuogopa wezi na vicheche kuliko kitu kingine chochote. Kuku waliopo ni 23, yaani mitetea 18 na majogoo 5. Mitetea huingia wenyewe kila jioni bila kuswagwa. Majogoo, jua likianza kushuka, huelekea mkorosho uliopo mpakani mwa uwanja, huruka hadi tawi la chini, kisha la pili, na giza likiingia huwa wamekwisha kufika mahali ambapo ngazi ya nyumbani haifiki.

Kuwika kwao kutoka huko juu kunawaudhi baadhi ya majirani, lakini kilichonifanya niuanze mradi huu ni chanjo ya mdondo. Chanjo ya I-2 tunayoitumia hudondoshewa jichoni, tone moja kwa kila kuku, awe kifaranga au jogoo mzee, na hurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4 kwa maelekezo ya mtaalamu wa mifugo. Inastahimili joto kuliko chanjo nyingi za zamani, jambo lenye manufaa makubwa katika mkoa kama wa Mtwara, lakini sharti kuku akamatwe mkononi. Ugonjwa wenyewe ulitambuliwa mwaka 1926 huko Java na katika mji wa Newcastle nchini Uingereza, na mpaka leo hauna tiba. Mdondo ukiingia mtaani, hawa watano ndio watakaokuwa wa kwanza kuugua, na ndio hao hao wanaozurura mbali kuliko wenzao.

Nawaandika jinsi walivyo ili kumbukumbu hizi zieleweke: jogoo mwekundu wa kienyeji, mzaliwa wa hapa, chotara wa Kuchi (aina ya kuku), mrefu wa miguu, aliyenunuliwa akiwa mkubwa, na mapora watatu wa uzao wa mwaka jana.

Juni, mwanzoni

Msimu wa kupuliza umeanza. Mikorosho inapochanua, wakulima wa huku hupambana na ubwiriunga, ukungu unaoshambulia maua na majani machanga, kwa salfa ya unga, ambayo hupulizwa kwa mashine alfajiri, wakati upepo umetulia na majani bado yana umande ili unga ushike. Saa hiyo majogoo nao huwa bado wako juu. Jirani alipopuliza shamba lake, wingu la njano lilivuka mpaka na kutanda juu ya mkorosho wetu, na majogoo waliposhuka walikuwa na unga mgongoni, wawili wakifumba jicho moja na kulikuna kwa ukucha. Tuliwaosha macho kwa maji safi na hadi jioni walikuwa wamerudia hali yao.

Salfa ni afadhali. Baada yake hufuata viuatilifu vya maji dhidi ya mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza machipukizi ya mkorosho, na hivyo sitaki vimkute kuku wangu yeyote mtini. Nimekubaliana na jirani kwamba atanipa taarifa siku moja kabla ya kupuliza, naye ameahidi, ila aliongeza kwa utani kwamba hajawahi kuona shamba la korosho likisubiri ruhusa ya jogoo.

Kwamba kuku analala mtini si ajabu yoyote. Kuku wote wa kufugwa wametokana zaidi na kuku mwitu mwekundu wa misitu ya kusini-mashariki mwa Asia, ambaye mpaka leo hulala matawini. Kinachohitaji maelezo ni kwa nini mitetea wamelikubali banda na majogoo wamelikataa banda hilo hilo.

Juni, katikati

Kijana anayenisaidia kazi za shamba aliona jambo ambalo sikuwa nimelitilia maanani, kwamba majogoo hawagusi kabisa mkorosho wa pili, ulio karibu zaidi na banda, kwa sababu una viota vya majimoto. Chungu hawa, ambao huyashona majani kwa hariri ya mabuu wao na kuyafanya nyumba, wana thamani kwa mkulima kwa kuwa huwinda mbu wa mikorosho, na yeyote aliyepata kuuparamia mti wao anajua kwa nini jogoo huupita mbali. Kijana alipendekeza tuhamishie viota katika mkorosho wanakolala. Tulivikata viota alfajiri kulipokuwa na ubaridi, tukavitia katika mfuko, tukavifunga kwenye matawi ya chini. Tulivitoa vyote katika mti mmoja, maana majimoto wa makundi mawili tofauti wakikutanishwa hupigana.

Jambo lilifanikiwa upesi na halikusaidia chochote. Majogoo waliuacha mkorosho, wakahamia mwembe wa jirani, ulio mrefu zaidi, na sasa wanawikia juu ya dirisha la watu wengine. Kwa hiyo hatua za kuuharibia mti sifa yake zinaishia hapa, na kuanzia wiki ijayo kinachochunguzwa ni banda.

Juni, mwishoni

Nimekuwa nikikaa barazani kila jioni na daftari. Mwezi huu jua linazama saa 12 na dakika tano hivi, na mambo yote huamuliwa katika muda mfupi unaolizunguka tukio hilo, kwa kuwa kuku, ambaye mchana huona rangi vizuri kuliko binadamu, gizani haoni karibu kitu. Mahali alipokuwa wakati mwanga unakatika ndipo atakapokuwa hadi asubuhi.

Mitetea huanza kuingia mapema, wakati uwanja bado una mwanga. Viota vya kutagia vimo ndani, na wenye vifaranga hawana hiari, maana kifaranga hawezi kuruka mtini. Majogoo huwa wa mwisho. Husimama uwanjani wakitazama huku na huku mpaka mtetea wa mwisho ameingia, na ndipo mmoja wao husogea hadi mlangoni, akanyoosha shingo, akachungulia. Niliinama nikachungulia kama yeye. Nje nilikuwa bado ninasoma mwandiko wangu bila taabu. Ndani sikuweza kumtofautisha mtetea mweusi na mweupe. Niligusa bati kwa kiganja, likawa bado lina joto la mchana, na hewa iliyotoka mlangoni ilikuwa nzito kwa harufu ya mbolea. Usiku wa manane banda hupoa sawasawa, lakini jogoo hafanyi uamuzi usiku wa manane.

Kuna na la tatu. Fito iliyomo ndani ni moja, fupi, na mitetea huwa wamekwisha kuijaza. Jogoo anayeingia mwisho hukuta nafasi iliyobaki ni sakafuni. Mapora wana shida ya ziada: yule mwekundu akisimama mlangoni, hakuna pora anayethubutu kupita chini ya mdomo wake.

Julai, mwanzoni

Bibi wa nyumba ya tatu alipita kununua mayai.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwalimu. Hao majogoo bado wanakushinda?”

Nikamweleza habari za giza, joto na fito. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama nimewahi kuingia bandani usiku. Nikamjibu kwamba mlango hufungwa jioni na kufunguliwa asubuhi.

“Basi ingia saa tano, ukae humo mpaka ujikune.”

Niliingia saa tano na tochi, na haikuhitaji kukaa sana. Chini ya fito, pale inapogusana na ukuta, kulikuwa na vitu vidogo vinavyotembea, vidogo kuliko punje ya mtama, baadhi vya kijivu na vingine vyekundu. Nilipitisha karatasi nyeupe upande wa chini wa fito na ikabaki na michirizi ya damu. Mitetea hawakuwa wametulia hata kidogo. Walikuwa wakibadilisha mguu, wakijidonoa kifuani, wakitikisa vichwa. Nilipotoka, mikono yangu ilikuwa inawasha hadi kwenye viwiko.

Huu ni utitiri ule unaoishi katika jengo, si juu ya kuku. Mchana hujificha katika nyufa, na usiku hutoka kunyonya damu kisha hurudi mafichoni, ndiyo maana ukaguzi wa mchana hauonyeshi kitu zaidi ya vumbi la kijivu kwenye maungio ya mbao. Katika hali ya joto unaweza kukamilisha mzunguko wa uzazi wake kwa muda wa wiki moja hivi, na unaweza kukaa miezi mingi bila kula, hivyo kuliacha banda tupu kwa mwezi mmoja hakuumalizi. Sasa ninaelewa pia kwa nini vilemba vya baadhi ya mitetea vimepauka na kwa nini mayai yamepungua tangu Aprili, jambo ambalo nyumbani tulikuwa tunalihusisha na chakula. Mitetea wamevumilia kwa sababu ya viota na vifaranga. Majogoo, wasio na kinachowafunga humo, waliondoka.

Julai, katikati hadi mwishoni

Kazi imegawanyika sehemu mbili, kuua na kujenga upya, na nimesisitiza kwamba ya kwanza iishe ndipo ya pili ianze.

Kuku wote walihamishiwa kwa muda katika uzio wa mianzi chini ya jiko la nje. Matandiko ya zamani, viota na ile fito vilichomwa moto. Kuta zilifagiliwa, nyufa zikamwagiwa maji yanayochemka, na zilipokauka zikazibwa kwa saruji, hasa kona za juu karibu na bati ambako tulikuta utitiri umelundikana. Kisha tulinyunyiza dawa ya unga iliyonunuliwa katika duka la dawa za mifugo, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na tukairudia baada ya wiki moja ili kuukuta uliokuwa bado mayai mara ya kwanza. Kuku wenyewe walipakwa unga huo huo chini ya mbawa na kuzunguka mkia. Mwishoni kuta zilipigwa chokaa nzito. Mwarobaini ulitajwa na kila mtu aliyepita uwanjani, na sikuukataa: majani yake makavu yamo katika viota vipya, lakini sikuuachia kazi ya kuua.

Ujenzi ulituchukua muda mrefu zaidi, na hapa naeleza kwa kirefu kwa ajili ya mwenye banda kama hili.

Dirisha la magharibi tulilipanua hadi upana wa mikono miwili iliyonyooshwa na kuliwekea wavu wa waya imara, ili mwanga wa mwisho wa jua uingie ndani wakati majogoo wanapochungulia. La mashariki lilipanuliwa kidogo ili hewa ipite. Juu ya bati tulilaza makuti, kwa nje, safu mbili, na tofauti ilionekana siku hiyo hiyo kwa kiganja. Hapo awali nilifikiria kuliondoa bati kabisa, lakini mvua za Desemba hadi Aprili zina ubishi wake, na makuti peke yake yangetaka kubadilishwa mara kwa mara.

Kwa fito, mianzi ilikuwa rahisi kupatikana lakini ni laini mno na ukucha wa kuku huteleza juu yake. Tulitumia matawi ya mkorosho yaliyobaki kutoka kwenye upogoaji wa mwanzoni mwa mwaka, yaliyokwisha kukauka, yenye unene wa sentimita 5 hivi. Maganda tuliyabandua yote, kwa sababu ganda ni maficho mapya ya utitiri. Kila kuku anahitaji sentimita 20 hadi 25, kwa hiyo tuliweka fito mbili za mita 3 kila moja, zote usawa mmoja wa mita 1.2, maana zikipishana kimo kila jioni huwa vita vya kugombea ya juu. Fito fupi ya kupandia iko katikati ya kimo hicho, na viota vimeshushwa chini ya usawa wa fito ili kuku asivutwe kulala ndani yake.

Jambo ninaloliona kuwa bora kuliko yote ni kwamba chanja chenye fito hakigusi ukuta popote. Kimesimama chenyewe kwa miguu minne, umbali wa zaidi ya sentimita 30 kutoka ukutani, na kila mguu umo ndani ya kopo lenye oili chafu, kama kabati la chakula linavyokingwa dhidi ya sisimizi. Utitiri utakaosalia katika kuta utalazimika kuivuka oili ili uwafikie kuku.

Agosti, mwanzoni

Mitetea wamerudi bandani na wanalala kwa utulivu. Majogoo walirejea kwenye mwembe siku ile ile walipofunguliwa kutoka katika uzio, na hilo nililitarajia, kwa kuwa kuku hurudi alikozoea mpaka azoeshwe pengine.

Kabla ya kumgusa yeyote nilitaka kumjua kiongozi wao. Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2013 kwamba kuwika kwa alfajiri huongozwa na saa iliyomo mwilini mwa jogoo mwenyewe, na mwaka 2015 kwamba katika kundi jogoo wa cheo cha juu ndiye anayeanza, na wengine humfuata kwa kadiri ya vyeo vyao. Nyumbani wengi walimdhania Kuchi kwa sababu ya umbo. Niliamka mapema nikasikiliza, na sauti ya kwanza kila alfajiri ilikuwa ya yule mwekundu, kisha Kuchi, kisha mapora kwa vurugu.

Mwekundu ndiye tuliyeanza naye. Tulisubiri giza likolee, tukatumia tochi iliyofunikwa kitambaa, na kijana akapanda kwa ngazi ya kuazima hadi tawi la tatu. Mguu wa kuku aliyelala hufunga vidole wenyewe anapochuchumaa, kwa kuwa kano huvutika goti likikunjwa, na ukimvuta kwa nguvu utamuumiza. Kijana alimsogezea kijiti kifuani na kumwinua taratibu kutoka chini, miguu ikanyooka, vidole vikaachia, akapokelewa bila kupiga kelele. Tukamweka moja kwa moja juu ya fito mpya, katikati ya mitetea, tukafunga. Tulirudia jioni zilizofuata. Taa ndogo ya sola ilining’inizwa ndani tangu kabla ya jua kuzama, na huzimwa baada ya wote kutulia. Mtama wao wa jioni sasa humwagwa ndani ya banda, haumwagwi tena uwanjani.

Agosti, katikati

Mwekundu anaingia mwenyewe. Mapora wawili wanamfuata. Wa tatu na Kuchi bado wako kwenye mwembe.

Agosti, mwishoni

Pora wa tatu alikuwa anaogopa mlango. Tulimtobolea tundu la pili upande wa nyuma, lenye kifuniko cha mbao, na jioni ya pili alilitumia.

Kuchi ni habari nyingine. Alikamatwa, akawekwa juu ya fito, na jioni iliyofuata akarudi mwembeni kama ambaye hajaambiwa kitu. Nilipomchunguza miguu nilikuta unyayo mmoja umevimba na una kidonda kigumu katikati, jambo la kawaida kwa jogoo mzito anayeruka kila asubuhi kutoka juu hadi kwenye udongo mgumu wa kiangazi. Tulimsafisha kwa maji ya chumvi, tukamfunga kitambaa, na mtaalamu wa mifugo akampa dawa. Kumkata manyoya ya bawa moja kulipendekezwa, na ni njia inayofanya kazi mpaka anaponyonyoka na kuota mapya, lakini jogoo mwenye unyayo mbovu asiyeweza kuruka sawasawa anaumia zaidi anaposhuka, kwa hiyo nimeikataa.

Huyu hakuzaliwa hapa, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Badala ya kamba tumemtengea sehemu ya banda kwa wavu, anawaona wenzake, analala juu ya fito yake mwenyewe, anakula na kunywa humo, na hatoki mpaka kidonda kifunge na banda limkae kichwani.

Septemba

Kuchi ameachiwa na analala ndani. Unyayo umepona ingawa umebaki na kovu.

Chanjo imetolewa kwa kuku wote. Tuliifanya usiku, wakiwa juu ya fito, mtu mmoja akishika taa, mmoja akishika kuku na mimi nikidondosha, na hatukumkimbiza hata mmoja. Tulimngoja kila kuku apepese jicho ili tone liingie kabla ya kumrudisha.

Kwa mitetea 18 majogoo wawili wanatosha, kwa kuwa jogoo mmoja wa kienyeji hutosheleza mitetea kumi hivi. Mapora wawili wameuzwa sokoni Mtwara mjini na yule wa tatu amebaki kwa muda, hadi nitakapoona kama Kuchi atakuwa na uzao mzuri.

Vipande vya boksi lenye mikunjo vimewekwa katika kona nne za banda na hukaguliwa kila mwezi, kwa maana utitiri hupenda kujificha humo, na vikionekana kuwa nao vinachomwa na dawa inarudiwa. Ukaguzi wa mwezi huu umekuta wachache katika kona moja, karibu na mlango. Matawi ya chini ya mkorosho, yaliyokuwa ngazi yao, yatapogolewa baada ya mavuno, kwani kuyakata sasa ni kuzikata korosho zenyewe. Majimoto wameachwa walipo. Marudio ya chanjo ni mwishoni mwa Desemba, wakati jua litakapokuwa linazama saa 12 na dakika 40 hivi, na saa ya kuwasha taa na ya kumwaga mtama itasogezwa kwa kadiri hiyo.